Mmeachana bila cheti cha ndoa: namna ya kudai sehemu yako ya mali Tanzania Bara, hatua kwa hatua

Makosa yanayoangusha madai haya ni yale yale kila mwaka. Mtu anakwenda Baraza la Ardhi wakati shauri lake ni la mahakama. Anaomba "tugawane mali" bila kuiomba mahakama itamke kwanza kwamba palikuwa na ndoa. Anafika bila hati ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Au anasimama mbele ya hakimu na kusema "tulijenga wote" huku hana hata risiti moja ya saruji.

Mwongozo huu ni wa mwanamume na mwanamke walioishi kinyumba bila kufunga ndoa, kile mtaani wanachokiita uchumba sugu, na sasa wameachana. Unahusu Tanzania Bara peke yake, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya 1971 (Sura ya 29) haitumiki Zanzibar. Namba za vifungu zilizomo humu ni za toleo la 2019. Ukiwa na toleo jingine, linganisha maneno ya kifungu na si namba tu.

## Vya kukusanya kabla ya kwenda popote

Usimwambie mwenzako kwamba unakwenda mahakamani kabla hujapata hivi. Karatasi nyingi hupotea wiki ile ile ugomvi unapoanza.

Vya kuonyesha mliishi kama mume na mke:
- mkataba wa kupanga au barua ya serikali ya mtaa inayowataja wote wawili
- vyeti vya kuzaliwa vya watoto na kadi za kliniki
- fomu za bima ya afya, NSSF au mkopo ambamo mmoja aliandikwa kuwa mwenzi
- picha za misiba, harusi na sherehe mlizohudhuria pamoja, zikiwa na tarehe
- majina ya mashahidi watatu au wanne: balozi au mjumbe, jirani wa muda mrefu, mwenye nyumba, ndugu wa upande wa pili kama yupo aliye tayari

Vya kuonyesha mali ipo na ni ya nani:
- nakala ya hati miliki, leseni ya makazi, hati ya hakimiliki ya kimila, au mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji
- kadi ya gari, pikipiki au bajaji
- leseni ya biashara, taarifa za benki, daftari la VICOBA au SACCOS

Vya kuonyesha mchango wako:
- risiti za vifaa vya ujenzi, makubaliano na fundi, na taarifa za miamala ya simu na benki
- mkataba wa mkopo uliochukua wewe na fedha zake zikaingia kwenye mali hiyo

Piga picha kila karatasi na uhifadhi nakala kwa mtu unayemwamini. Kama nakala halisi iko kwa mwenzako, picha inakuwezesha walau kutaja namba ya kiwanja au ya hati, na kwa namba hiyo unaweza kufanya upekuzi, yaani kuangalia rejista, kwenye ofisi ya ardhi.

Jina lililo kwenye mita ya LUKU au bili ya maji si umiliki. Linasaidia kuonyesha ni nani aliishi pale, basi.

## Hatua ya 1: Jipime kama dhana ya ndoa inakuhusu

Kifungu cha 160(1) kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, katika mazingira yaliyowafanya waheshimike kama mume na mke, itachukuliwa kwamba wameoana. Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Jiulize haya:

1. Je, mliishi nyumba moja miaka miwili au zaidi? Kuja Ijumaa na kuondoka Jumapili si kuishi pamoja. Safari za kikazi hazivunji hesabu, mradi makazi yalikuwa pale.
2. Je, watu waliwajua kama mume na mke? Hapa ndipo mashahidi wanapohitajika. Kuzaa pamoja peke yake hakutoshi.
3. Je, kila mmoja alikuwa na uwezo kisheria wa kuoa au kuolewa? Kama mmoja ana ndoa ya mke mmoja ambayo haijavunjwa, kwa mfano ya kanisani, mahakama haitamwongezea ndoa nyingine kwa dhana.

Swali la tatu ndilo linalowashtua wengi, kwa sababu hawakuwahi kuuliza. Ulizia mapema kama mwenzako aliwahi kufunga ndoa na kama talaka ilitolewa na mahakama. "Walishaachana zamani" si talaka.

Ukikwama hapo, bado hujafungiwa nje. Kifungu cha 160(2) kinasema dhana ya ndoa ikipingwa na kuanguka, mahakama bado inaweza kutoa nafuu (amri za kumsaidia mdai) zile zile inazotoa ndoa inapovunjwa, mradi itosheke kwamba mliishi kama mume na mke miaka miwili au zaidi. Katika kesi ya Hemed S. Tamim dhidi ya Renata Mashayo, iliyomo kwenye Tanzania Law Reports za 1994, Mahakama ya Rufani ilisema kugawa mali zilizopatikana katika uhusiano ni mojawapo ya nafuu hizo. Nafuu hizo, ukiacha matunzo ya mwanamke mwenyewe, zinaweza kuombwa na mwanamke au mwanamume. Wanaume wengi hawalijui hilo.

Kama hamkufikisha miaka miwili, njia ya ndoa haipo. Linalobaki ni kudai kama mtu mwingine yeyote aliyechangia fedha kwenye mali. Kwa nyumba au kiwanja, dai hilo huanzia usuluhishi wa baraza la kata, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, baraza la kata linasuluhisha tu migogoro ya ardhi, halitoi hukumu. Kwenye njia hiyo kupika na kulea hakuhesabiki sana. Utaulizwa ulitoa shilingi ngapi, lini, na kwa makubaliano gani.

## Hatua ya 2: Tenga mali katika mafungu matatu

Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali zilizopatikana wakati wa ndoa kwa juhudi za pamoja. Si kila kilicho ndani ya nyumba kinaingia humo.

Zinazoingia: kilichonunuliwa au kujengwa mkiwa pamoja, hata kama hati ina jina la mmoja.

Zinazoingia kwa sehemu: mali ya mmoja iliyokuwepo kabla, ikaboreshwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au na wote wawili. Alikuwa na kiwanja kitupu, mkajenga: mnagawana kwa kuangalia kilichoongezeka. Kupaka rangi na kubadilisha kitasa si kuboresha kwa kiasi kikubwa.

Zisizoingia: urithi, zawadi ya ukoo aliyopewa mmoja, na mali ya mtu wa tatu.

Fungu hili la mwisho lina mtego mkubwa kuliko yote. Nyumba nyingi za vijana zimejengwa kwenye kiwanja cha baba mkwe au shamba la ukoo. Mahakama haiwezi kukugawia ardhi ya mtu asiye sehemu ya shauri, na mzee akisimama na kusema "kiwanja changu, nilimpa aishi tu", dai la nyumba linayumba. Katika hali hiyo jenga dai lako juu ya gharama ulizoweka kwenye jengo, na umpate shahidi aliyekuwepo mzee alipowaruhusu kujenga.

Mali ya kampuni iliyosajiliwa BRELA nayo ni ya kampuni. Unachoweza kudai ni hisa za mwenzako, si lori lenye jina la kampuni.

Andika jedwali: mali, iko wapi, ilipatikana lini, iko kwa jina la nani, thamani ya leo kwa makadirio, deni lililobaki. Safu ya deni usiiruke. Kifungu cha 114(2) kinaitaka mahakama iangalie madeni yaliyochukuliwa kwa faida ya wote, na mwenzako hatalisahau hata kama wewe umelisahau.

## Hatua ya 3: Geuza "tulichuma wote" kuwa ushahidi

Sheria haisemi lazima iwe nusu kwa nusu. Kifungu cha 114(2) kinaitaka mahakama ielekee usawa, lakini baada ya kupima mambo mengine kwanza. Kila mtu hupata kulingana na mchango anaouthibitisha, wa fedha, mali au kazi, pamoja na mambo mengine ambayo kifungu kinataja: desturi za jamii yenu, madeni, na mahitaji ya watoto wadogo.

### Mchango wa fedha

Upange kwa tarehe, na kila mstari uwe na karatasi yake. Mfano wa mstari mzuri: "Machi 2019, mifuko 60 ya saruji na nondo 40, kutoka mkopo wangu wa SACCOS, risiti ipo, fundi aliyepokea ni shahidi." Mfano wa mstari mbovu: "Nilikuwa namsaidia sana kwenye ujenzi."

Kwa miamala ya simu, nenda kwenye duka la huduma la mtandao wako ukaombe taarifa rasmi ya miezi husika. Picha za ujumbe kwenye skrini zinapingwa kirahisi. Kama ulikuwa unamtumia fundi moja kwa moja, ni bora zaidi, kwa sababu fundi anaweza kuja kuthibitisha. Kama ulimpa mwenzako taslimu mkononi, tafuta chochote cha pembeni: siku ile ulitoa kiasi gani benki, na siku iliyofuata kilinunuliwa nini.

### Mchango wa kazi

Kazi za nyumbani ni mchango. Mahakama ya Rufani ilisema hivyo mwaka 1983 katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu (Rufaa ya Madai Na. 9 ya 1983), na kila hakimu anaijua. Wengi wanaoitaja kesi hiyo hawakumbuki ilivyoishia: Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa kuwa ilionekana mumewe alishampa fedha na yeye akazitumia vibaya. Kanuni ilishinda, mdai akatoka mikono mitupu. Kwa hiyo, kama uliwahi kupewa mtaji wa biashara au fedha za kiwanja, jiandae kueleza zilikokwenda.

Eleza kazi kwa vitendo. Nani alikaa na watoto mwenzako alipokuwa safarini? Palikuwa na msaidizi wa kazi? Nani alisimamia mafundi, akapika chakula chao, akalala kwenye jengo ili mabati yasiibwe? Nani alilima, nani alikaa dukani? Jirani aliyeona ana uzito kuliko dada yako aliyesimuliwa.

Hatua hii imekamilika ukiweza kutaja kila mali na, chini yake, ushahidi usiopungua miwili: karatasi na mtu.

## Hatua ya 4: Izuie mali isiuzwe

Fanya hili mapema. Nyumba ikishauzwa kwa mtu asiyejua lolote, utabaki kudai fedha ambazo huenda zimekwisha kuliwa.

Ardhi yenye hati: omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati ili ujue iko kwa jina la nani na kama ina rehani. Kisha wasilisha kaveati, yaani zuio linaloandikwa kwenye rejista, pamoja na kiapo kinachoeleza maslahi yako. Kaveati ikishasajiliwa, uhamisho haupiti kimya kimya. Mwenye hati anaweza kwenda mahakamani kuomba iondolewe, kwa hiyo usiiweke ukakaa: fungua shauri.

Ardhi isiyo na hati: andika barua kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa au kijiji ukieleza kwamba mali ina mgogoro, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Barua haina nguvu ya amri ya mahakama, lakini mwenyekiti aliyeipokea atasita kugonga muhuri kwenye mauziano, na mnunuzi hatasema hakujua.

Vyote: ukishafungua shauri, omba zuio la muda. Ukishalipata, lipeleke wewe mwenyewe kwa benki, serikali ya mtaa au ofisi ya ardhi. Usidhani mahakama italisambaza.

Usivunje kufuli, usibebe vyombo usiku, usichukue gari. Utajikuta polisi ukijibu shauri la wizi badala ya kuendesha lako. Kama kuna kipigo au vitisho, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Namba ya taarifa utakayopewa itakufaa pia baadaye mahakamani.

## Hatua ya 5: Kama mnaweza kukubaliana, kubalianeni kwa maandishi

Makubaliano yaandikwe kwa kutaja kila mali, nani anachukua nini, nani analipa nini na kufikia tarehe gani. Yasainiwe mbele ya mashahidi wa pande zote mbili, ikiwezekana mbele ya wakili. "Utakaa kwenye nyumba mpaka watoto wakue" ni sentensi inayozaa kesi. Andika mwaka.

Kama kuna ardhi yenye hati, makubaliano peke yake hayahamishi umiliki. Lazima uhamisho usajiliwe. Na kama humwamini, fungua shauri kisha muwasilishe makubaliano hayo mahakamani yawe hukumu. Hapo akikiuka, unakaza hukumu, yaani unaomba itekelezwe kwa nguvu ya mahakama, bila kuanza upya.

## Hatua ya 6: Pita Baraza la Usuluhishi la Ndoa

Kifungu cha 101 kinazuia shauri la talaka kufunguliwa kabla mgogoro haujapita kwenye Baraza la Usuluhishi. Utasikia hoja kwamba wasio na cheti cha ndoa hawahitaji kupita huko. Achana na mabishano hayo. Hati ya Baraza ni nafuu kupata, na kukosekana kwake kunaweza kuua shauri lote, hata miaka baadaye kwenye rufaa baada ya kushinda ngazi mbili.

- Nenda baraza la kata anayoishi mwanamume. Kama wote ni wa dini moja yenye baraza lililoidhinishwa, mnaweza kwenda huko. Hapa wengi hukosea kwa kwenda kata ya kwao walikorudi baada ya kuachana.
- Pande zote ziitwe. Asipokuja kwa makusudi, Baraza liandike kwamba aliitwa na hakufika.
- Ondoka na hati inayosema wazi kwamba Baraza limeshindwa kuwasuluhisha. Barua ya "tunakuletea mhusika umsaidie" si hati hiyo. Isome kabla hujatoka mlangoni: majina, tarehe, saini, muhuri na maneno ya kushindwa kusuluhisha.
- Fungua shauri ndani ya miezi sita tangu tarehe ya hati. Ikipita, rudi uanze tena.

Sheria inasamehe hatua hii katika hali chache, kama umetelekezwa na hujui mwenzako aliko, au anaishi nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi sita.

## Hatua ya 7: Fungua shauri, na uombe kwa mpangilio sahihi

Shauri la ndoa linaweza kuanzia Mahakama ya Mwanzo, Wilaya, Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Kwa nyumba moja na vyombo, Mahakama ya Mwanzo inatosha na ni rahisi. Kama kuna kampuni, rehani za benki au mali mikoa tofauti, anzia ngazi ya juu ukiwa na wakili.

Maombi yako yaandikwe kwa mpangilio huu:

1. Mahakama itamke kwamba kati yetu kuna dhana ya ndoa chini ya kifungu cha 160(1).
2. Itoe talaka, yaani ivunje ndoa hiyo.
3. Igawe mali zilizoorodheshwa, kwa kutaja kila moja na kiasi unachoomba.
4. Kama dhana ya ndoa itapingwa na kuanguka, itoe nafuu hizo hizo chini ya kifungu cha 160(2).
5. Malezi na matunzo ya watoto, kama wapo.

Mpangilio una sababu. Uwezo wa kugawa mali chini ya kifungu cha 114 unaamka pale mahakama inapotoa talaka au amri ya kutengana. Ukiomba namba 3 peke yake, umeomba paa bila kuta. Namba 4 ndiyo inayosahaulika zaidi, na ndiyo inayookoa anayegundua katikati ya shauri kwamba mwenzake ana ndoa ya kanisani Moshi tangu 2004.

Kama huna uwezo wa kumlipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Wapo katika halmashauri nyingi, na ofisi ya ustawi wa jamii itakuelekeza. TAWLA (chama cha wanawake wanasheria) na LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu) pia hutoa msaada.

Msomaji aliye Kenya asinakili maombi haya. Kule Mahakama ya Juu, katika uamuzi wa MNK dhidi ya POM wa Januari 27, 2023, ilikataa dhana ya ndoa kwa sababu mmoja alikuwa na ndoa nyingine, kisha ikagawa nyumba asilimia 70 kwa 30 kwa msingi wa amana (trust), yaani mwenye jina kuhesabiwa ameishika mali kwa niaba ya mwenzake pia. Madai ya huko hujengwa tofauti.

## Hatua ya 8: Siku ya ushahidi

Peleka nakala halisi na nakala kivuli za kila karatasi, na uombe kila moja ipokelewe kama kielelezo. Karatasi uliyoionyesha tu mkononi haimo kwenye kumbukumbu, na rufaa haitaiona.

Zungumzia mali moja baada ya nyingine kwa kufuata jedwali lako. Mwenzako akimaliza, muulize maswali mafupi yenye jibu moja: "Mwaka ule tunajenga ulikuwa unafanya kazi wapi? Mshahara wako ulikuwa kiasi gani? Mabati yalilipiwa na nani?" Usigombane naye kuhusu usaliti. Hakimu anagawa mali, na dakika unazotumia kueleza hawara ni dakika hukueleza saruji.

Kama mnabishana kuhusu nyumba yenyewe, omba mahakama itembelee eneo, au ulete ripoti ya mthamini aliyesajiliwa.

## Hatua ya 9: Hukumu na kuikaza

Hukumu nzuri inasema asilimia na namna ya kutekeleza: nyumba iuzwe na fedha zigawanywe, au mmoja abaki nayo na amlipe mwenzake kiasi fulani kufikia siku fulani. Ikisema tu "wagawane", omba ufafanuzi hapo hapo.

Omba nakala ya hukumu siku hiyo hiyo, kwa barua, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Ukitoka Mahakama ya Mwanzo na hukuridhika, chukulia una siku 30 za kukata rufaa. Rufaa peke yake haisimamishi utekelezaji. Lazima uombe usimamishwe.

Akikataa kutii, rudi mahakama iliyotoa hukumu ukaombe kuikaza. Hapo dalali wa mahakama ndiye anayeuza, si wewe na si kaka zako. Kaveati uliyoweka kwenye hatua ya 4 iache mahali pake mpaka uhamisho au malipo yakamilike, na uiondoe mwenyewe kwa maandishi baada ya fedha kuingia kwenye akaunti yako.